Nani Atakaa na Kiatu Kimoja?

Jumatatu, 4 Mei
Msimamizi wa jengo katuita wenye maduka wote. Jumamosi ni siku ya ofa. Duka litakalovuta watu wengi zaidi litahamia chini, mlangoni, mahali ambapo hata mimi naweza kuuza. Sasa hivi niko ghorofa ya tatu, na lifti imekufa tangu mwaka juzi. Wateja wanaonifikia huomba kiti kwanza, viatu baadaye. Mama Marashi wa ghorofa ya kwanza, hasimu wangu, alinitabasamia. Tabasamu gani lile? Mke wangu kasema tusipoipata nafasi hiyo, mwisho wa mwezi tunafunga duka.

Jumanne, 5 Mei
Nimepata! Viatu vya mfano rafuni huwa ni vya kushoto tu, wezi wasivitamani. Nitavigawa bure pale mlangoni, sitini. Jumamosi kila mtu atapanda kufuata cha kulia kwa nusu bei. Mke wangu kauliza itakuwaje wasipopanda. Hana imani, shida yake hiyo. Nani atakaa na kiatu kimoja?

Jumatano, 6 Mei
Mimi na shemeji tumegawa vyote kabla ya saa sita. Mzee mmoja alirudi kuomba cha mjukuu wake. Nikampa. Leo nina moyo mkubwa.

Ijumaa, 8 Mei
Hajapanda mtu hata kuulizia, ila fundi umeme aliyepotea. Kisha shemeji kaja anahema: Mama Marashi kabandika tangazo. Lete kiatu kimoja, upate kichupa cha marashi. Ana makapu matatu ya viatu vyangu! Nikashuka kumkabili. Kwa upole kabisa akasema watu walikuwa wanavitupa kwenye ngazi, yeye kaviokoa. Nikapanda kurudi juu. Sikula. Naona aibu hata kumtazama mke wangu.

Jumamosi, 9 Mei
Foleni ya Mama Marashi ilifika barabarani. Msimamizi anahesabu vichwa, anachekelea. Mimi juu, peke yangu, na viatu sitini vya kulia. Saa nne mke wangu akavitia kwenye magunia, akashuka bila kuniaga. Nikamfuata.

"Dada," alimwambia Mama Marashi, "wewe una vya kushoto, sisi tuna vya kulia. Tukinuniana, hakuna atakayeuza hata kimoja."

Mama Marashi alicheka mpaka akakaa chini. Wakamwaga vyote sakafuni. Watu wakatafuta jozi, wakapigana vikumbo, wakanunua, wakanukia. Msimamizi kashindwa kujua nani ni mteja wa nani, akatupa nafasi ya mlangoni sote wawili. Hatufungi! Nililia, nikasingizia marashi.

Jumapili, 10 Mei
Mke wangu na Mama Marashi wanapima rafu za duka jipya. Mimi nimepewa kazi ya kubandika bei. Hakuna anayekumbuka wazo lilikuwa la nani. Bila viatu vyangu vya kushoto wangekuwa wapi?

Si kitu. Mwezi ujao kuna ofa nyingine na nimeshajipanga. Wakati wanapima, nimefungua chupa mia za Mama Marashi. Vifuniko vyote ninavyo kwenye mfuko wa koti. Kesho asubuhi nagawa. Nani atakaa na kifuniko bila chupa?