Jopo la Dunia, Jaribio la Kibiti

Jumatatu, 3 Novemba 1997
Redio imesema lipo jopo la kimataifa la wanasayansi linaloshauri serikali zote kuhusu hali ya hewa. Hakuna mtu wa Kibiti ndani yake! Na mimi, Fikirini, nasoma kipimamvua cha serikali mwaka wa tisa huu. Nitawaandikia makao yao Geneva walirekebishe: ripoti isitoke mpaka wanaonyeshewa na mvua wenyewe wakubali kila neno. Nitaambatanisha mfano. Jopo la majaribio: mimi mwenyekiti, Mshamu, na Bi Tabu muuza vitumbua. Akidi, watatu.
Mke wangu Rukaya amekumbusha magunia mawili ya mbegu ya mpunga. Yapo kibandani bondeni, na mto unapanda. Nimesema kesho.

Jumanne, 4 Novemba
Kikao barazani kwa Mshamu. Alikuwa katibu wa chama cha ushirika hadi kilipokufa. Sasa anauza mitumba na ana njaa ya vikao. Nimeleta sentensi moja: "Mvua itakuwa kubwa." Mshamu akauliza, kubwa kuliko ipi? Bi Tabu akamjibu kubwa ni kubwa, kwani suruali zako unaziuzaje, Mzee? Mabishano tangu asubuhi hadi adhuhuri. Neno "mvua" limepita.

Jumatano, 5 Novemba
Milimita 61! Sijapata kuona. Rukaya kaja kikaoni, kalowa chapachapa. Baba Salima, kaniambia, maji yamefika ngazi ya kibanda. Mbegu ikienda tutapanda nini, muhtasari? Mshamu akataka hoja hiyo iletwe kwa maandishi. Nikaafiki. Rukaya akarudi mvuani.

Alhamisi, 6 Novemba
Bi Tabu hakutokea. Akidi imevunjika! Mshamu anadai sijui kuongoza. Mchana nimepata habari: Rukaya ndiye aliyemchukua. Wameazima mtumbwi, wametoa magunia yote mawili. Moja limelowa. Kibanda kimekwenda na maji. Hujuma dhidi ya sayansi! Nilirudi nyumbani nimenuna. Nikakuta nimewekewa kichwa cha kambale, nikipendacho. Rukaya akauliza kama Mwenyekiti anahitaji akidi ili ale. Nikala.

Ijumaa, 7 Novemba
Baada ya sala, wajumbe wote watatu. Tumepitisha kwa kauli moja: "Mvua inaweza kuwa kubwa kiasi." Makofi! Mshamu ametia saini maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu. Nimepeleka barua posta. Karani anasema barabara imekatika, haijulikani mpaka lini.

Jumamosi, 8 Novemba
Jua kali! Rukaya anataka nimsaidie kuanika lile gunia kabla mbegu hazijachipua humo humo. Usiku wa kuamkia leo nimewaza sana, nimeiona kasoro ya Jopo: wajumbe ni wachache. Nimemteua Rukaya awe wa nne. Amenikabidhi mkeka. Nimemwahidi naja kuanika, Jopo likishapitisha kwamba jua limetoka.