Ndoo ya Bi Bedriye Kwenye Mcheri Wangu

Jumatatu, 14 Aprili

Mcheri wa marehemu baba umechanua. Mweupe pe! Ndiyo ile cheri nyeusi ya zamani, tamu, ya huku kwetu, siyo hizi za maboksi. Lakini sina raha. Mwaka jana tulivuna kiganja kimoja. Nezaket, mke wangu, ameshatoa tamko: mwaka huu akikosa cheri za kupikia jemu, mti unakatwa, na kaka yake Sabri anajenga banda la gari papo hapo. Mti wa baba! Kisa gari la Sabri, ambalo hata breki ni za kubahatisha.

Chanzo nakijua. Jirani, Bi Bedriye. Alikuwa na mcheri wake, wa aina nyingine, hapo nyuma ya ukuta. Theluji ikauangusha. Tangu siku hiyo wangu hauzai. Mjinga angesema bahati mbaya. Mimi nasema husuda: wake umekufa, sasa hataki wangu uishi. Nimetundika jicho la bluu la kioo, kinga ya kijicho, kwenye shina. Lile kubwa, la kwenye mabasi.

Jumanne, 15 Aprili

Ya Rabi! Nimekuta ndoo inaning'inia kwa kamba katikati ya mti wangu. Ndani maji, na matawi yenye maua. Maua ya mti mwingine! Nikamwita Nezaket aje aone uchawi kwa macho yake. Akacheka mpaka akashika ukuta. Anasema Bi Bedriye alimwomba ruhusa asubuhi, ni mambo ya nyuki, niende nikamuulize mwenyewe. Nikamuulize mchawi?

Nikasoma Ayatul Kursi. Matawi nikayatupa kwenye samadi, maji nikayamwaga barabarani. Ndoo nimebaki nayo. Ni ndoo nzuri.

Alhamisi, 17 Aprili

Ndoo nyingine! Kubwa zaidi! Nikajibanza nyuma ya banda la kuku. Nikamwona anayeleta matawi kwa pikipiki kutoka kijiji cha juu. Sabri! Shemeji yangu! Anambusu Bi Bedriye mkono, anauweka kwenye paji la uso, mtoto mwema kabisa. Hapo yote yakanikaa sawa kichwani. Mmoja analoga mti, mwingine anapata banda. Nikatoka na manyoya ya kuku kichwani, nikamkabili. Akasema, "Shemeji, tunakusaidia wewe." Wote husema hivyo hivyo.

Nimeitoa ndoo. Kisha nimetwaa mapazia yote ya Nezaket, hata yale ya sanduku lake la harusi, nikaufunika mti gubigubi. Sasa halipiti jicho, hapiti nzi. Limebaki tawi moja tu, linaloegemea kwa Bi Bedriye. Ngazi haikufika. Nyuki wamekuja, wamezunguka mapazia, wameondoka. Hata hao watakuwa wametumwa.

Jumamosi, 19 Aprili

Nezaket amegundua mapazia yako wapi. Nalala sebuleni.

Bi Bedriye kanipigia kelele juu ya ukuta: "Rifki mwanangu, mti huo hauzai peke yake! Unataka vumbi la maua ya mwenzake! Funua nyuki waingie!" Nikamjibu kwa adabu kwamba chai yangu inapoa. Funua! Anatafuta upenyo tu. Ameona hawezi, ndoo yake kaitundika upande wake, chini ya lile tawi. Shauri yake.

Jumapili, 15 Juni

Mti mzima hauna cheri hata moja ya kumdanganya ndege. Ila lile tawi la ukutani! Limeinama kwa uzito, cheri nyeusi tii. Na ziko upande wa nani? Wake! Amezivuta zote zikahamia kwake. Mnataka ushahidi gani tena?

Akaleta bakuli limejaa pomoni. Eti tawi ni letu, basi na cheri ni zetu. Nezaket nusura alie. Akapika jemu, akajaza bakuli kokwa za jozi ili lisirudi tupu, na akatamka: mti unaozaa haukatwi. Tawi hilo limeuokoa. Nikaonja cheri moja. Ilikuwa ileile niliyokuwa nikilishwa na baba mkononi. Nikala nyingine nyingi, kwa uchunguzi.

Jumatatu, 16 Juni

Kesi nimeimaliza. Msaliti ni lile tawi! Linalishwa kwangu, linazaa kwa jirani. Nezaket alipokwenda sokoni, nikachukua msumeno. Likaanguka lote kwa Bi Bedriye. Akapiga yowe. Aliyeshindwa lazima apige yowe.

Nezaket karudi. Ameangalia mti. Akapiga simu.

Sasa Sabri yuko uani, anapima mahali pa banda kwa kamba, kuzunguka shina la baba, wala hathubutu kunitazama usoni. Mimi niko dirishani. Machozi yananitoka, lakini macho bado yanaona. Kamba ile naijua. Ni ya ndoo! Nilisema tangu mwanzo!