Nimepekua Beseni la Mama Mkwe

Leo nimejivua nguo mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya mama mkwe. (Mkwe mtarajiwa. Sasa hata huo utarajiwa sina hakika nao.)

Mnajua nasaga mihogo hapa Baraka, karibu na soko. Mashine yetu ni ya mazuti, yaani dizeli, ile ya kuwashwa kwa manivela, chuma cha kuzungusha kwa mkono. Majuzi mwenzangu aliiwasha wakati vidole vyangu viko ndani. Vilipona kwa neema ya Mungu tu. Tangu hapo patroni akatoa amri: anayeingiza mkono ndani ya mashine anazima, anafunga mazuti, na manivela anakaa nayo mwilini mpaka amalize. Amri nzuri sana. Mimi nikajifanya ndiye niliyeitunga.

Asubuhi chekeche la ndani ya mashine likatoboka. Nikazima, nikafunga mazuti, nikainua manivela juu na kuwahubiria akina mama waliopanga mstari.

"Bamama, bila hii chuma, hata guvernere hawezi washa!"

"Sawa, injiniere," akajibu Mama Riziki. "Tengeneza basi, batoto iko na njaa."

Huyo Riziki, binti yake, ndiye ninayekwenda kumposa Jumamosi. Nikajipa maksi.

Manivela haiingii mfukoni. Nikaifunga mgongoni kwa kipande cha kitenge, kama mtoto, nikavaa koti juu yake. Nikabadilisha chekeche vizuri kabisa. Nikageuka niwashe. Manivela hakuna! Nikatafuta chini ya injini, nyuma ya magunia, wapi. (Msiniulize kama sikuisikia mgongoni. Niliisikia. Nilidhani ni uzee.)

Mtu mwenye akili angefikiri kidogo. Mimi nikaziba mlango.

"Hakuna mutu anatoka! Mwizi iko humu ndani!"

Nikaanza kupekua mabeseni. Nilipofika kwa Mama Riziki, adabu ilikuwa imeshatangulia nyumbani. Nikazamisha mikono yote miwili katika mihogo yake. Mkwe jamani! Mtu ambaye hata kumsalimia unainama kwanza!

"We mwana, unatafuta nini mu beseni yangu?"

"Mama, leo hakuna undugu. Chuma ni chuma."

Akaniangalia polepole, juu mpaka chini. "Inama basi, angalia chini kabisa."

Nikainama. Koti likapanda. Manivela ikachungulia.

Kicheko kile, nadhani hata Fizi kule juu mlimani walikisikia. Kuna mama alikaa chini kabisa, akashindwa kuinuka. Mama Riziki peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alingoja unga wake, nikamsagia bila kuinua macho, akajitwisha beseni.

"Mikono yako imepona, mwanangu, mi nashukuru Mungu," akasema. "Sasa tutafute fundi wa kuzima iyo mudomo."

Tafadhali msicheke, niko na mipango. Baba mdogo, msemaji wangu wa posa, amenipigia simu sasa hivi: anasema Jumamosi atakuwa anaumwa. Leo ni Jumanne.