Uzinduzi wa King'ora cha Vimbunga, Bichi ya Kombere

(Hotuba ya Mheshimiwa Levis Maroa, Mratibu Mkuu wa Maandalizi ya Vimbunga Ukanda wa Ziwa, mbele ya wananchi wa bichi ya Kombere, mbele kidogo ya Kisegi.)

Mheshimiwa Katibu, ambaye angekuwa hapa kama hangekuwa kwingine. Mheshimiwa Naibu Katibu, anayemwakilisha Katibu kwa kutofika pia. Mwenyekiti wa bichi, mzee wetu Jaduong' Ratemo. Pasta Angwenyi wa Sabato. Madiwani waliostaafu na wale mnaotaka kuwastaafisha. Akina mama wa omena, dagaa wetu wa ziwa. Wavuvi niliowaamuru wawe majini saa hii, kwa hivyo hawanisikii lakini nawatambua. Na mimi mwenyewe, ambaye itifaki hainiruhusu kujisahau: hamjambo?

(Sauti chache: "Hatujambo.")

Hiyo ni ya watu wamelala. Hamjambo tena!

(Sauti chache zaidi.)

Wananchi, shida ya ukanda huu si kimbunga, shida ni mazoea. Mimi nimetembea dunia. Nimefika Mombasa kwa wokshopu ya vimbunga vya bahari, hoteli ya lifti, na pale kila mlango una mshale wa kuonyesha pa kukimbilia, hata mlango wa choo. Nyinyi hapa wingu likisimama juu ya ziwa, jeusi kama chungu, mnasema nini? Mnasema, "Hiyo inaenda Tanzania." Kila wingu kwenu lina paspoti! Upepo ukibeba mabati ya jirani, mnasema alipigilia vibaya. Mashua ikizama, mnasema mwenyewe alikuwa na maneno na shemeji yake. Utafiti wa kina wa ofisi yangu, kutoka Rodi Kopany mpaka Macalder, ambako tuliwauliza hata wachimba dhahabu walio ndani ya shimo kama wanahisi upepo, unaonyesha kwamba asilimia tisini na nane ya wakazi hawajajiandaa, na asilimia saba waliobaki hawakuelewa swali.

(Kicheko. Mwalimu mmoja anahesabu kwa vidole.)

Chekeni, lakini mazoea yameisha leo. Mnaona nguzo hii ndefu, imeshikwa na kamba kila upande, na kule juu kuna kitu kimefunikwa kwa kitambaa? Hicho ndicho king'ora jumuishi cha kidijitali, kinachotumia jua, upepo na ushirikishwaji wa wadau. Kikinusa dhoruba ikiwa bado Mwanza inavaa viatu, kinalia, na mlio wake unafika mpaka kwetu Kuria ng'ombe wanaacha kutafuna. Ndiyo maana nimewaambia vijana wa omena, ambao huvua usiku kwa taa na mchana hulala, kwamba leo hakuna kulala. Wako kule mbali wanangoja. Nikimaliza hotuba navuta utepe, king'ora kinalia, wanarudi kwa mstari, picha inapigwa. Nimewapa agizo moja tu: asigeuze mtu mashua kabla ya king'ora, hata aone nini. Sayansi haichanganywi na macho.

(Upepo unabeba kofia ya Mwenyekiti. Mama Scovia, mchuuzi wa omena, anasimama: "Mheshimiwa, samahani. Hilo wingu limegeuka huku. Bwanangu Omanga yuko kule na ndugu yake, na mashua yao ni ya makasia. Liza hicho kitu sasa.")

Mama, keti. Hilo wingu halijatambuliwa rasmi. Kwa mujibu wa mwongozo niliouandika mimi, dhoruba ni ile ambayo king'ora kimeililia. Kama hakijalia, hiyo ni hali ya hewa tu.

(Wanawake: "Basi liza! Liza, omera, ndugu yetu, liza!")

Nitaliza kwa wakati wake. Hata sijafika kwenye mafanikio yangu. Ninyi ndio wale wale, jana hamwogopi chochote, leo mnaogopa mpaka ratiba!

(Ngurumo. Viti vya plastiki vinaanza kutembea vyenyewe. Mama Scovia anamwaga omena wake wote mchangani, anakimbia mpaka majini na kuanza kugonga karai tupu kwa jiwe. Mwingine anamwaga wake. Halafu wote.)

Akina mama! Itifaki! Hayo makarai hayajaidhinishwa! Wale vijana watasikia mlio usio rasmi na... hebu ngoja. Ile mashua ya kwanza inageuka? Inageuka! Naomba iandikwe kwamba zoezi limeanza kwa mafanikio makubwa. Gongeni! Mama wa kushoto, ongeza! Huo ndio tunaita umiliki wa jamii!

(Mashua zinaingia moja baada ya nyingine, watu wakiruka majini kuzipokea. Ya Omanga ndiyo ya mwisho. Wimbi linaipindua karibu na ufuo. Wanaume wawili wananing'inia kwenye ubavu wake. Mama Scovia anairukia nguzo na kuanza kufungua kamba.)

Mama Scovia, hapana! Kamba hiyo ni sehemu ya mtambo! Sikiza, tuongee kando. Usifungue hiyo, fungua ile... hata ile usifungue!

(Nguzo inaanguka na kuvunjika. Kitambaa kinapasuka, na mtungi mtupu wa mafuta ya kupikia, wa manjano, unabingirika mpaka miguuni pa Pasta.)

Wananchi, hiyo ni... hiyo ni awamu ya kwanza.

(Mama Scovia, akiwarushia wale wawili majini ncha ya kamba: "Awamu ni wewe! Shika kamba!")

Nashika. Nashika, mama. Mimi ni mtu wa ng'ombe, maji yakipita magoti sina elimu nayo, lakini kuvuta najua. Koti acha lilowe. Ukanda wa Ziwa!

(Umati wote: "Vuta!")

Maandalizi!

("Vuta!")

Omanga, usiachilie, ndugu yangu! Maendeleo!

("Vuta!" Omanga na ndugu yake wanafika mchangani kwa magoti, wakitapika maji. Mama Scovia anampiga mumewe makofi mgongoni, halafu anamkumbatia.)

Basi, kabla hamjatawanyika, niruhusuni nitoe shukrani, maana mkutano bila shukrani ni mazishi, na haya hayakuwa mazishi. Namshukuru Pasta Angwenyi kwa nguzo ya hema la makambi ya kanisa, niliyomwahidi kuirudisha kabla ya Sabato. Namshukuru Mwenyekiti kwa shuka, na Mama Bhoke wa mandazi kwa mtungi. Namshukuru sana Katibu kwa kutofika, kwa sababu angeuliza king'ora kilitoka wapi, nami ningelazimika kusema kwamba hakijawahi kununuliwa, wala kuagizwa, wala kuwa mahali popote isipokuwa kwenye hotuba hii, ambayo nayo imelowa. Nawashukuru hawa vijana, walionitii. Walikaa kule, wingu likiwaona, kwa sababu mimi niliwaambia kuna kitu kitalia. Hiyo... hiyo sikuwa nimeiandika hapa.

(Mvua.)

Lakini tusonge mbele. Naona nguzo imevunjika. Mwaka ujao, Mungu akipenda, nitarudi kuzindua ukarabati wake. Asanteni sana.