Pasi Waliyoibiwa Mtaa Mzima

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu,

Saa kumi na moja jioni, mtaa mzima umejifungia. Benchi lako la mlangoni halina mtu. Wezi, eti! Fundi kufuli wa kona, yule tunayemwita Komeo, anasema wamejaa. Lazima aseme. Ana mzigo mpya wa kufuli dukani. Nimeazimia: nitahesabu wizi nyumba kwa nyumba, nibandike ukweli ukutani, watu warudi kukaa nje. Komeo ajiandae!

Jumanne, 4 Juni

Nyumba ishirini na mbili. Aliyeibiwa? Hakuna! Kila mmoja anasema aliyeibiwa ni jirani. Kinyozi kanielekeza kwa muuza maziwa. Muuza maziwa kacheka, kaniuliza: baba we, mimi waniibie nini? Kaniambia nikamwone mwalimu. Wote wanataja pasi. Ilibebwa mchana kweupe!

Jumatano, 5 Juni

Nimeifuata hiyo pasi. Mwalimu aliambiwa na dobi. Dobi kanitazama kwa huruma, kaniuliza mbona mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia, wiki ile baada ya mazishi yako. Kweli. Niliikosa pasi yetu ya kazi, nikapiga kelele za mwizi.

Nimekwenda kwa dada yako. Pasi iko mezani, ya moto. Shemeji kasema ulimpa mwenyewe, siku ulizokuwa bado unaweza kuketi kitandani. Ukamkataza asiniambie. Eti ninaunguza kola za wateja! Mara mbili tu, mke wangu. Labda tatu.

Sikuidai. Nimeshika mpini mpaka ikapoa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimebandika tangazo: WIZI MTAANI MWAKA HUU, SIFURI. PASI IKO KWA SHEMEJI.

Hadi adhuhuri watu wamejaa. Kinyozi kauliza, ikiwa hata shemeji anaiba, tumwamini nani? Muuza maziwa kanivuta pembeni, kanipa pole, kaniuliza wezi wamenitishia nini hata nikawaficha. Komeo kauza kufuli tisa. Kaja kunishika mkono, mshenzi!

Jumapili, 9 Juni

Jioni nimekaa nje peke yangu, upande wangu wa benchi. Wako nimeuacha wazi, kama kawaida.

Kosa langu nimeliona: herufi zilikuwa ndogo mno. Nimeazima kipaza sauti. Kesho, kabla hakujapambazuka, nitagonga mlango mmoja baada ya mwingine, kwa nguvu, nikiwapigia kelele kwamba hakuna mwizi. Safari hii watatoka tu!

Huko uliko, ikifika saa ya kukaa nje, unikumbuke.