Atomi Iliyogoma Kuondoka

Leo nimeadhirika, wenzangu. Naandika harakaharaka, nikikosea herufi mnisamehe.

Mnajua niko likizo kwa mama, Kilakala. Ila zamu ya maabara imenifuata. Kule Ulaya ninakofanya kazi tunashika atomi kwa miale ya leza na kuzipanga safu safu, kama mayai kwenye trei, ili siku moja ziwe kompyuta. Kazi yangu ni kuangalia picha zake kwenye laptop: vidoa vyeupe gizani. Kidoa kimoja, atomi moja. (Ndiyo, nimesomea hiyo miaka yote.)

Profesa anayesimamia maabara ameshanionya: nikiharibu jaribio jingine, mkataba wangu hauongezwi. Kwa hiyo leo nilifunga mapazia, nikaomba dua, nikakaa.

Mama akaingia na fungu la kisamvu kutoka shamba la Mkuyuni, akaliweka mezani pembeni yangu.

"Mama, hapa kuna kazi!"

"Kazi gani ya gizani? Kisamvu hakikuzuii."

Nikarudi kwenye picha. Moyo nusura unitoke. Kati ya safu mbili, mahali pasipotakiwa kuwa na kitu, kidoa! Halafu kikasogea! Atomi ikitoroka kwenye leza yake, jaribio limekwisha, na mimi nimekwisha. Nikampigia profesa kwa video, maabara nzima ikiwa nyuma yake.

"Profesa, kuna atomi imetoroka!"

"Huku mbona hatuioni?"

"Mimi naiona! Inaelekea safu ya pili!"

"Wewe ndiye mwenye zamu, Zuhura. Amua."

Nikaamua. Nikazima leza kwa laptop hiyo hiyo. (Bora ningekatika kidole kwanza.) Bila leza atomi hazikai, kwa hiyo vidoa vyote vikatoweka kwa mpigo, kazi ya wiki nzima.

Kikabaki kimoja.

Kikatembea mpaka kona ya skrini. Kikasimama. Kikajisugua miguu. Inzi mweupe, kale kadudu ka majani ya muhogo, katoka kwenye kisamvu cha mama!

"Bado unaiona?" profesa akauliza.

"Imeruka."

"Imeruka kwa njia gani?"

Nikafumba macho. "Kwa mabawa."

Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Aliyeongea ni mama, kutoka jikoni, kwa sauti iliyofika Ulaya bila shida: "Zuhura! Lete hicho kisamvu nikitwange!"

Mkataba wangu unajadiliwa kesho. Tafadhali, anayetaka kucheka angoje kesho jioni.