Nani Atashika Ufunguo wa Paa

Jumatatu, 3 Februari 2025
Nguo zimeruka tena kutoka juu ya paa. Mama Nyawira, mwenyekiti wetu wa wapangaji, amepoteza mashuka mawili. Anasema wavu wa kuku uliopo unatosha kuziba upande mmoja tu, na atakayemwonyesha upepo mkali hutoka wapi ndiye atakayekabidhiwa ufunguo wa paa. Naona kama umeshakuwa wangu. Nani mwingine kwenye jengo hili, pengine mtaa mzima wa Tassia, ana mtambo wa hali ya hewa? Ni mimi Opicho peke yangu. Nimetuma nywila ya programu inayoonyesha vipimo vyake kwenye grupu la wapangaji ili wajionee.

Jumanne, 4 Februari
Filsan wa ghorofa ya nne amejionea. Ameandika kwenye grupu kwamba jana upepo mkali zaidi ulikuwa kilomita 43 kwa saa, saa tisa na dakika kumi alasiri, ukitoka mashariki. Mtambo wangu, sifa zake! Wapangaji kumi na saba wamempa dole gumba. Siku niliyofunga mtambo nilipata madole mawili, moja la mke wangu. Ninamwonea wivu. Naandika hapa kwa sababu hapasomwi na mtu.

Jumatano, 5 Februari
Nimepata njia ya mkato. Programu ina kitufe cha kutoa namba kubwa kuliko zote za siku. Nikakibonyeza kwenye kasi, ikaja 41. Nikakibonyeza kwenye mwelekeo, ikaja digrii 359, moja tu kabla dira haijamaliza mzunguko. Kaskazini. Nikarudi siku za nyuma: 358, 359, 359. Kaskazini kila siku. Upepo wa Filsan unayumba, leo mashariki, kesho kaskazini mashariki. Wangu una msimamo.

Alhamisi, 6 Februari
Filsan amenikuta kwenye ngazi. Akaniamkia kwa heshima, Baba Tiffany shikamoo, kisha akasema namba yangu ya mwelekeo haihusiani na upepo mkali. Eti nitafute kwanza dakika ambayo kasi ilikuwa kubwa kuliko zote, halafu nisome mwelekeo wa dakika hiyohiyo. Akajitolea kunionyesha, dakika tano tu. Nikamwambia nina haraka. Sikuwa na haraka. Nilijibanza nyuma ya mlango wangu mpaka akapita.

Jioni mke wangu akasema binti huyo ana kichwa. Ugali ukanishinda. Nimebadilisha nywila.

Jumamosi, 8 Februari
Ushindi! Nimempelekea Mama Nyawira karatasi ya siku thelathini, zote kaskazini. Filsan alipoulizwa alikiri kwamba siku zake hazifanani. Nikapewa ufunguo mbele yake. Upepo wa kaskazini hurusha nguo kusini, kwa hiyo wavu tumeufunga kusini. Filsan amenipongeza. Kilichoniudhi ni kwamba alimaanisha.

Jumapili, 9 Februari
Upepo ulikuja saa tisa. Nguo zote zikaenda magharibi. Wavu wangu haukudaka hata soksi. Gauni la kwaya la mke wangu lilitua juu ya jiko la Maina, yule wa nyama choma hapo jirani, likarudi bila mkono mmoja. Mama Nyawira hakunigombeza. Alinyoosha kiganja tu, nikampa ufunguo, naye akampa Filsan palepale kwenye ngazi. Watu wakapiga makofi. Mke wangu alianza.

Jumatatu, 10 Februari
Nimekaa na programu asubuhi nzima. Nakiri kosa langu: nilikuwa na tamaa ya namba kubwa. Leo nimejirekebisha, nimeomba namba ndogo kuliko zote. Ikaja digrii 1. Nikatazama dira, na kwenye dira 1, pale mzunguko unapoanzia, nayo ni kaskazini. Namba kubwa inasema kaskazini, namba ndogo inasema kaskazini. Mashahidi wawili, na hawajuani. Nimemwandikia Mama Nyawira amnyang'anye Filsan ufunguo leo hii, na wavu wa kusini uongezwe urefu.